Kushuka Soni Injini Imezimwa

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, mwanangu, ukungu ukiwa bado umelalia bonde la Soni. Nilikuwa nateremka kutoka Lushoto na pikipiki yangu, nyuma nimempakia shangazi yangu Mwanaisha na tenga la karoti alizokuwa anapeleka sokoni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mdomo usio na breki. Niliwaambia wenzangu kwamba barabara ile naweza kuishuka nimefumba macho. Ujinga huo niliusema kwa sauti, tena mbele ya watu.

Sisi vijana wa milimani tulikuwa na mtindo wetu, na naona ninyi mmeurithi bila hata kuulizana. Mteremko ukianza tu, unazima injini, unaweka gia frii, mlima wenyewe unakushusha. Mafuta yanabaki kwenye tangi, upepo unakupiga kifuani, unajiona mjanja. Shangazi akaniambia, "We Hamisi, washa pikipiki, mbona nasikia upepo tu?" Nikamjibu, "Tulia shangazi, hii barabara inanijua." Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Ila siku ile, mwanangu, guu lililovunjika halikuwa langu.

Pale njia panda, barabara ya Bumbuli inapoachana na hii ya Mombo, gari dogo la mizigo lilikuwa linapanda. Lilipunguza mwendo, likawasha indiketa, likakata kulia mbele yangu. Haki ya kupita ilikuwa yangu, hilo halina ubishi. Nilibana breki, magurudumu yakaserereka, tukalivaa gari ubavuni. Mimi niliinuka na michubuko tu. Shangazi alibaki chini, paja limevunjika, karoti zimetapakaa barabarani.

Watu wakajaa, nami nikaanza kupayuka: njia yangu, dereva kaniingilia! Dereva mwenyewe, Mzee Elia, alirudia neno moja tu: "Nilitazama, nikasikiliza. Sikusikia chombo." Nani amsikilize? Askari aliponiuliza kama injini ilikuwa inawaka, nilisema ndiyo. Uongo huo ulinitoka laini kama uji.

Siku ya tatu nikaenda hospitali. Shangazi alikuwa mjane, analima peke yake shamba la mwinuko ambalo hata mbuzi hulipanda kwa kufikiri. Nilimkuta mguu umefungwa, macho makavu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Yule dereva yuko wapi?"

"Polisi wanaye. Kosa ni lake, shangazi. Mimi nilikuwa na haki."

Akanitazama mpaka nikaangalia sakafu. "Haki ulikuwa nayo. Basi ipeleke shambani ikalime, maana mguu huu haupandi mlima tena. Na yule mzee ni baba wa watu. Amelala ndani kwa sababu wewe, mgosi, mwanamume mzima, unaogopa kusema ulizima injini. Usiposema leo, nitabebwa kwa machela nikaseme mimi."

Nililia, mwanangu, sikufichi. Kutoka hospitali hadi kituoni si mbali, lakini siku ile njia ilikuwa ndefu. Mara mbili nilisimama, nikafikiria kurudi. Nilipofika nilieleza yote mbele ya askari na mbele ya Mzee Elia: injini ilikuwa imezimwa, na taa nayo ililala pamoja na injini. Askari akatugombeza wote wawili, kila mmoja na fungu lake, maana mzee naye alikata kabla njia haijawa wazi. Jioni hiyo mzee akaruhusiwa kwenda kwake. Nilitegemea matusi. Akanishika mkono, akasema, "Kijana, huku milimani kwenye kona tunasikia kabla ya kuona. Ukininyima mlio, umenipofusha."

Shamba la shangazi nililima mimi, msimu hata msimu, mpaka siku alipofariki. Alikuwa anakaa mlangoni na fimbo yake, ananitazama nikipanda na jembe. Hakunilaumu tena hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Sasa nisikilize, maana ninayajua ninayoyasema. Mteremkoni injini iwake na taa iwake. Kabla ya kona piga honi. Ukikaribia njia panda punguza mwendo, hata kama njia ni yako, umtafute dereva machoni. Kama hujayaona macho yake, jua kwamba naye hajakuona. Gari likikata mbele yako, liache lipite, utamlaumu dereva wake ukiwa mzima. Haki ya njia ni kitu kizuri, lakini haivaliwi kichwani kama kofia ngumu. Abiria akikuambia punguza, punguza, wala usimcheke. Amekukabidhi mwili wake. Na siku ukikosea, mwanangu, kwa maana utakosea, liseme kosa lako siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalala ndani kwa ajili yake.

Mwenyezi Mungu akutangulie kila kona ya milima hii. Akurudishe nyumbani kwa miguu yako miwili, na kila uliyempakia arudi kwa yake.