Kiti cha Mbele

Wiki tatu nzima Fundi alikuwa akirudi nyumbani kwa njia ndefu. Kutoka karakana yake hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi, hata foleni ikiwepo, lakini siku hizo alizunguka mpaka barabara kuu, akaegesha pikapu yake ya milango minne mbele ya duka la magari, akakaa humo akimezea mate gari moja lililowekwa nyuma ya kioo. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, mvi zimemjaa kidevuni, mabinti wake wawili wako sekondari. Angemkuta mtu mwingine akifanya hivyo, angecheka mpaka ashike mbavu.

Gari lilikuwa jipya, limetoka kiwandani mwaka huohuo, ila lilitengenezwa makusudi lifanane na magari ya zamani. Taa za mbele za mviringo. Mkanda wa nikeli ubavuni. Rangi mbili, samawati chini na nyeupe ya maziwa juu. Ndani mlikuwa na kamera na skrini na makorokoro yote ya siku hizi, lakini usukani ulikuwa mwembamba, wa duara kubwa, na viti vilishonwa kwa mistari minene iliyosimama, mshono ambao Fundi hakuwa ameuona kwenye gari jipya tangu aanze kazi. Na viti ndiyo kazi yake. Miaka thelathini na tatu ameshona viti vya magari, na watu wakitaka kumsifu husema huyu bwana akikishika kiti chako atakwambia na siri zako. Maneno hayo yalikuwa na ukweli. Akivua kitambaa na kuitazama sponji, alijua dereva hukaa na pochi mfuko wa nyuma, au mke huketi ukingoni kwa kuogopa mwendo wa mumewe. Mwili wa mtu huacha shimo la mviringo, huwaambia wanafunzi wake, hauna pembe. Ukiona shimo lenye pembe, hapo palikaa mzigo.

Mke wake, mfamasia, mtu wa kusoma karatasi ya maelezo mpaka mstari wa mwisho, hakubabaika na mng'ao wa nikeli.

"Hilo gari ni kijana aliyevaa koti la babu yake," alisema jioni moja akimenya viazi. "Likikubana, utaambiwa ndivyo yalivyokuwa ya zamani. Likiharibika, utaambiwa ni la kisasa, fundi wake hayupo."

"Lina milango mipana. Liko chini. Buti inatosha."

"Lile la kijivu nalo liko chini, na buti yake inameza fremu ya mama ya kutembelea bila kuikunja."

La kijivu lilisimama dukani humohumo, pembeni ya hilo. Lilikuwa gari la maana, halina dosari, na Fundi alikuwa ameligeuzia mgongo mara zote.

"Simnunulii mtu mwingine," alisema. "Namnunulia mama."

Hapo ndipo palikuwa na uzito wa jambo lenyewe. Mama yake Fundi alianguka bafuni miezi minane iliyopita, akavunjika nyonga, akaletwa kukaa nao. Mfupa uliunga, akawa anatembea kwa fremu, polepole lakini mwenyewe. Kilichomshinda ni pikapu. Ilikuwa juu mno, lazima abebwe, na mara ya kwanza alipobebwa mbele ya majirani alisema "mimi si gunia". Tangu hapo hakutoka ila kwenda kliniki. Dada yake akimwalika, atasema nendeni nyinyi. Wajukuu wakiwa na mashindano ya shule, atasema mtanisimulia. Hilo "mtanisimulia" lilikuwa limeanza kumtisha Fundi. Alimwona kila asubuhi kwenye kiti cha dirishani, shali mabegani, na akaogopa kwamba mama yake ataishia hapo, akisimuliwa.

"Umemuuliza?" mke wake alisema.

"Kumuuliza nini? Gari la baba alilipenda kupita kiasi. Lilikuwa hivihivi."

Baba yake, marehemu sasa, alikuwa wakala wa kuuza vitasa, bawaba na makomeo, akizunguka mji hadi mji na gari lenye taa za mviringo na mkanda wa nikeli. Utoto wa Fundi wote mtamu ulikuwa kiti cha nyuma cha gari lile. Alilala kichwa pajani kwa mama, mkono wa mama sikioni kwake, na baba huko mbele akipiga mluzi. Alipokua alikwenda mji mwingine kujifunza kazi, na aliporudi likizo akiwa na miaka kumi na tisa, kitu cha kwanza alichoshona kwa mikono yake kilikuwa kiti cha mbele cha gari lile, pembeni ya dereva. Kwake hicho kilikuwa kiti cha mama. Yeye na ndugu zake walipokuwa wadogo mama alikaa nyuma kwa ajili yao, lakini sasa wamekua, si atakuwa amehamia mbele? Hakuuliza. Nani huuliza jambo lililo wazi?

Alikishona siku tatu, sponji mara mbili, vidole vikamchubuka. Alipovua kitambaa cha zamani aliikuta sponji imebonyea shimo la pembe nne, akajisemea kwamba sponji ya bei rahisi huharibika vibaya, akaitupa. Mama alikipapasa kile kiti kwa kiganja, akasema, "Hiki hata mfalme angekikalia." Katika maisha yake yote Fundi alikuwa amepewa sifa nyingi, lakini hakuna iliyomkaa kama hiyo.

Jumamosi asubuhi wakaenda wote watatu. Kigoda cha plastiki kikawekwa chini, mama akashikwa huku na huku, akapanda kwa shida, uso ameukaza. Mke wa Fundi akaingia nyuma pamoja naye, maana kiti cha mbele kilikuwa na kasha la mbao la sampuli za vitambaa na mfuko wa zana, kama siku zote. Kasha lile halikai nyuma kwenye bodi ya wazi, kitambaa kingefifia kwa jua.

Dukani muuzaji, dada mmoja mchangamfu mwenye suti ya bluu, aliwakaribisha. Fundi hakumsikiliza sana. Alizama ndani ya gari hadi kiunoni, akabonyeza viti kwa ngumi, akafuata mshono kwa ukucha, akatafuta kasoro na kuikosa, jambo lililomuuma kidogo.

"Wameshona," alikiri. "Wameshona kweli."

"Na mama naye ajaribu," alisema muuzaji, akafungua mlango wa mbele. "Karibu, bibi, keti hapa."

Mama hakwenda. Alisukuma fremu yake, hatua na hatua, akaupita mlango uliofunguliwa, akasimama kwenye mlango wa nyuma na kushika kishikio chake.

"Mbele, mama," alisema Fundi.

"Nyuma panatosha."

"Lakini mbele ni pazuri zaidi. Si ndiko ulikokuwa ukikaa?"

Mama alimgeukia. Hakuwa na hasira hata chembe. Alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwazima nani kitu.

"Mimi? Lini?"

"Kwenye gari la baba. Kile kiti nilichokushonea."

"Mwanangu, mbele lilikuwa likikaa sanduku," alisema mama. "Sanduku la vitasa. Baba yako alisema likikaa nyuma vitasa vitagongana na kuchubuka, na wateja hawanunui kitasa kilichochubuka. Hata Jumapili hakulitoa, lilikuwa zito, na kesho yake angelirudisha. Kwa hiyo mimi nilikaa nyuma. Mlipokuwepo nilikaa na nyinyi. Mlipoondoka nilikaa peke yangu."

"Na kile kiti?"

"Kilikuwa kiti kizuri mno. Nilikuwa nakifuta vumbi." Akafikiri kidogo, akatabasamu. "Sanduku lilistarehe sana."

Muuzaji alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akasogea kando kupanga vipeperushi vyake. Fundi alibaki ameshika mlango. Sponji ile ilimrudia machoni, pembe nne safi, kila moja ingeweza kupimwa kwa rula. Leo mwanafunzi wake wa wiki mbili angeitazama na kusema bosi, hapa palikaa mzigo. Yeye aliishika mikononi akiwa na miaka kumi na tisa, mama yake amesimama nyuma yake, akailaumu bei ya sponji. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa na uchungu ndani yake, kwa sababu paja lile alilolalia, utamu ule wote, alikuwa akiuhesabu kuwa furaha ya watu wawili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi. Nikuambie nini?"

Hapo hamu ya gari lile ilimtoka Fundi ghafla. Nikeli, mistari, taa, vyote vikawa kama vya mtu mwingine. "Basi," alisema, akiufunga mlango taratibu. "Tukaangalie la kijivu. Mama watoto alisema kweli tangu mwanzo."

Mke wake, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiisubiri kauli hiyo, hakuonyesha kushangilia. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake.

"La kijivu la nini?" alisema mama. "Fungua."

"Mama, si umesema..."

"Nimesema nilikaa nyuma. Sikusema nilipenda. Fungua huo mlango, na mtu asinishike."

Alijipanga mwenyewe. Aligeuka, mgongo ukaelekea kitini, akajishusha hadi akakaa, kisha akaingiza mguu mmoja, akapumzika, akauinua wa pili kwa mikono yake miwili. Ilichukua muda, na hakuna aliyemshika. Alipokwisha kukaa sawa aliweka viganja mapajani, akatazama mbele. Kupitia kioo cha gari na kioo cha duka ilionekana barabara kuu, magari yakipita, mwanamke akivuka na mkoba kichwani, taa ya njia panda ikibadilika. Boneti la samawati lilitangulia mbele yake, na juu yake taa za dukani zilimeremeta.

"Kumbe hivi ndivyo baba yako alivyokuwa akiona," alisema.

Alikaa hapo muda mrefu hata muuzaji akaleta kiti ili mke wa Fundi naye akae. Mama aliuliza kitufe hiki cha nini, na kile je. Alifungua kisanduku cha mbele akakifunga. Aliteremsha kioo akakipandisha.

"Dada yangu yuko mbali na hapa?" aliuliza mwishowe. "Kwa gari hili?"

"Saa moja, mama."

"Basi Jumapili ijayo nitakwenda nimtazame. Nikirudi nitawasimulia."

Mke wa Fundi alifungua mkoba wake, akatoa karatasi ya maelezo ya gari la kijivu aliyoipigia mistari kwa kalamu nyekundu, akaikunja mara mbili na kuirudisha. "Buti ya hili tutaibana," alisema. "Fremu itakaa kwa upande, nimeshapima kwa macho." Kisha akamgeukia mumewe, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaja dozi ya dawa, akaongeza, "Ila lile kasha lako haliingii humu. Si mbele, si nyuma. Hilo nataka uniahidi leo."

"Kasha gani?" Fundi aliuliza, na kabla hajamaliza kuuliza alijua.

Walitia saini zilizohitajika, wakaambiwa gari litakuwa tayari Alhamisi. Nje jua lilikuwa limepanda. Pikapu ilisimama palepale walipoiacha, na mke wa Fundi, akiwa bado anaongea na mama mkwe kuhusu Jumapili, alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa nyuma na kushika kishikio chake. Hakufikiri. Miaka kumi na saba ya mkono kuzoea.

"Subiri," alisema Fundi.

Alifungua mlango wa mbele. Akaliinua kasha la sampuli, akalipeleka nyuma kwenye bodi ya wazi, juani, akarudi kuuchukua mfuko wa zana. Mama alikuwa amekwisha panda kigoda, kiganja kwenye fremu, akingoja kusaidiwa.

"Mimi leo nyuma kwa mara ya mwisho," alisema. "Mwache mwenzako akae."

Fundi aliinama kukikung'uta kile kiti vumbi, na mkono wake ukasita. Kitambaa alikishona mwenyewe, mshono haujaachia hata uzi. Lakini katikati sponji ilikuwa imebonyea, na alipopitisha kiganja aliikuta pembe ya kwanza, halafu ya pili, ya tatu, ya nne.

Mke wake alipanda, akakaa, akajisogeza upande huu na upande ule.

"Hiki kiti kina shimo," alisema.

"Najua," alijibu Fundi. "Nitakishona upya."