Shingo Iliyolia Mara Mbili

Jamani, ngoja niwasimulie, maana mpaka leo mwenyewe siamini. Mimi nauza shokapu za magari hapa mtaa wa Gerezani, nina miaka thelathini na nane. Sikuwahi kulazwa. Halafu nilikuwa na mdomo, najua. Mtu akiumwa nilikuwa namwita mvivu.

Jumapili moja wauza spea wenzangu wakanipeleka kwenye vigari vya mbio, vile vifupi vya kukaa karibu na ardhi, vinavyokimbizwa ndani ya ghala. Nikacheka, nikaona mchezo wa watoto. Weee. Kona ya kwanza tu kichwa kilivutwa pembeni na helmeti yake, nikashindwa kukirudisha. Mbavu zinagonga kiti, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani. Nikaingia mara tatu, kwa sababu fundi mmoja alinipita na mimi sipitwi.

Asubuhi shingo imekaza, kisogo kinauma kama kimepigwa msumari. Mke wangu Rehema akasema, "Baba Aisha, nenda hospitali." Nikamjibu ni shingo tu hiyo. Nikaenda kwa Salum, kinyozi wangu. Mnawajua vinyozi wetu: akimaliza kunyoa anakukanda, anakushika kidevu, anazungusha shingo mpaka ilie. Siku hiyo Salum akasita.

"Kaka, hapa pamevimba. Leo tuache."

Nikamfokea. Akazungusha kushoto, ikalia. Nikamwambia, "Na huku."

Ilipolia ya pili, saluni yote ikazunguka. Nikatapika kwenye taulo. Kwenye kioo naona mdomo umeenda upande, mate yanachuruzika. Nikajikojolea palepale, mbele za watu. Nataka kusema "nishike", inatoka sauti ya bubu. Salum akanibeba mpaka kwenye bajaji, tukaenda hospitali moja Upanga.

"Ni kiharusi," daktari alimwambia Rehema.

Nilisikia, nikashtuka. Kiharusi si cha wazee? Akaeleza kwamba kwenye kona kali kichwa na helmeti vinavuta kama vimeongezeka uzito mara mbili, na shingo ndiyo inayobeba. Mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huenda ulianza kuchanika kwa ndani kulekule. Kuizungusha shingo kukamalizia.

Wiki tatu nililishwa uji kwa mpira wa puani. Miezi minne nikafundishwa kutembea, mtu mzima mimi. Rehema ananifuta mate, ananiogesha. Siku nilipoweza kutamka jina lake sawasawa tulilia wote wawili.

Namshukuru Mungu, sasa natembea, mguu wa kulia unaburuta kidogo. Ndugu zangu, ukishuka kwenye vile vigari shingo ikauma, au ukapata kizunguzungu, kimbilia hospitali. Asikuguse mtu shingo. Na usiwe mbishi kama mimi.

Salum aliacha kunyoa miezi mitano, akijilaumu kwamba yeye ndiye aliyeniponza. Aliporudi kazini nilimfuata na mkongojo wangu, nikasema mbele ya wateja kwamba yeye alikataa, mimi ndiye niliyemlazimisha. Salum alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akajifunika uso kwa taulo.