Wino Haukushika Kwenye Plastiki

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri tangu shule, na ndio ulioniingiza katika mambo ya bahari ambayo sikuyaomba. Mume wangu alikuwa nahodha wa boti ya kuvulia samaki wakubwa, zile ambazo watalii hukodi pale Malindi ili wakapigane na nduaro, samaki mwenye mdomo kama upanga, kisha wapigwe picha naye. Vidole vyake vilikuwa vinene na vigumu. Akishika kalamu utadhani anaparua samaki. Kwa hiyo kila ilani za mabaharia, taarifa za mabadiliko ya bahari, zilipokuja kutoka Mombasa, kuzitia kwenye ramani kukawa kazi yangu.

Ramani ya bahari ya serikali siku hizo ilikuwa karatasi nene, kubwa kuliko meza yetu, imejaa tarakimu za kina cha maji. Ukishainunua hujamaliza. Fungu la mchanga huhama pale mto Sabaki unapomwaga matope yake, boya hung'oka, chombo huzama. Serikali ilitoa ilani, na mwenye ramani alitakiwa aisahihishe mwenyewe kwa wino wa zambarau, kisha aandike namba ya ilani pembeni, chini, ijulikane kuwa ameshaitia. Mume wangu hakuruka hata moja. Tuliitandaza ramani juu ya kitanda, nyumbani kwetu mtaa wa Barani, yeye akipima kwa rula na bikari, mimi nikitia wino. Baada ya hapo kitanda hakilaliki wala hakikaliki mpaka ikauke. Nilinung'unika sana. Nilimwambia nimekuwa mke mwenza wa karatasi.

"Andika vizuri, bibiye," alikuwa akiniambia. "Tarakimu hiyo ndiyo inirudishayo kwako."

Moja ya ilani hizo ilihusu tishari, chombo bapa cha chuma cha kubebea mawe, lililozama karibu na mlango wa Kilifi, pale bahari inapoingia ndani. Maji yakijaa halionekani kabisa. Nililichora kwa alama yake, nikalizungushia vitone kama nilivyofundishwa, nikajisifu kwa jinsi vilivyolingana.

Katikati ya miaka ya themanini mambo yakaanza kubadilika. Duka la Mombasa lililouza ramani za serikali likawa leo linazo, kesho halina. Ilani zikachelewa, nyingine hazikufika. Wenye boti wakaanza kujiletea zao kutoka Ulaya, zilizochapishwa na makampuni ya watu binafsi. Tajiri wa mume wangu, mzungu mmoja mwenye hoteli na mwenye boti ile, mpole wa maneno, alileta ramani iliyofunikwa plastiki pande zote mbili, samawati ya kupendeza, na picha za samaki mahali wanapopatikana. Alileta pia mashine ya setilaiti iliyokuwa ikiandika kwa tarakimu nyekundu mahali boti ilipo. Watu walikuja ufukweni kuitazama.

Mume wangu aliileta ramani ile nyumbani kama alivyozoea. Aliikagua, akaona tishari halipo. Walioichapisha walikuwa wamenakili ramani ya serikali ya zamani, na hakuna aliyewapelekea ilani. Tukaitandaza kitandani. Nikachovya kalamu, nikaanza kuchora. Wino ukajikusanya vitone vitone, ukateleza. Nikaupangusa kwa kanga, nikajaribu kalamu ya kawaida, ikaacha mkwaruzo usio na rangi. Plastiki ilibaki safi kama nilivyoikuta.

"Basi hii haitaki kuambiwa kitu," mume wangu akasema.

Alimweleza tajiri. Tajiri akamjibu kwamba mashine inajua kila kitu, na akamkataza kuipakia tena ile ya karatasi, kwa kuwa ilikuwa na madoa ya mafuta ya samaki na wageni wangedhani boti ni kuukuu. Ile ya karatasi ikarudi nyumbani, tukaiweka chini ya godoro. Nilimuuliza, na tishari je? Akasema amelitia kichwani. Sikuyapenda maneno hayo, na mpaka leo siyapendi.

Mwaka huohuo ndugu yangu mdogo aliingia kazini kwenye boti hiyo. Alikuwa mwana wa pekee wa kiume wa mama yetu, mtu mzima anayeandaliwa harusi, na mama ndiye aliyemwomba mume wangu amchukue. Ndugu yangu hakuwa mvivu. Aliipenda ile mashine na ramani yake mpya, akajifunza kuzitumia upesi kuliko nahodha wake, na kutwa alikuwa akimtania: "Shemeji, wewe na karatasi zako mtazikwa kaburi moja."

Siku ya ajali boti ilikuwa ikiwapeleka wageni Kilifi, mchana, maji yamejaa. Karibu na mlango samaki akanasa, na mgeni aliyeshika fimbo ya kuvulia alikuwa mzee, karibu avutwe aanguke. Mume wangu akakimbilia nyuma kumshika, akamwachia ndugu yangu usukani. Ndugu yangu alitazama ramani, akaona maji mazuri, akanyoosha njia. Mume wangu alipoinua kichwa na kutambua walipo, alipiga kelele, lakini chuma cha tishari kilikuwa kimekwisha kuipasua boti kwa chini.

Wageni walielea, walikuwa na makoti ya kuokolea. Ndugu yangu naye angeelea. Alirudi ndani kuichukua mashine, kwa sababu alikuwa ameambiwa na tajiri mara nyingi kwamba ni ghali kuliko yeye. Boti ikapinduka akiwa humo. Walimtoa kesho yake.

Mume wangu aliniambia haya jikoni kwa mama yangu, nje watu wameshakaa matangani. Nguo zilikuwa zimemkaukia mwilini kwa chumvi.

"Ulimwambia kuhusu tishari?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza. Lakini mtu ukimwambia kitu mara moja, na kila siku anatazama ramani inayomwambia hakipo, ataamini kipi?" Akaendelea, "Usukanini alikuwa yeye. Hilo unalijua wewe, mimi na Mwenyezi Mungu. Mama asilijue. Watamtia makosa yote, na maiti hana ulimi."

Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nikilia, ningekubali lolote.

Kwenye uchunguzi wa serikali kuhusu ajali alikwenda na ramani ya karatasi kwapani. Mtu huyu aliamini kwamba ukweli ukiandikwa vizuri unatosha. Alitaka waone kuwa tishari lilikuwa linajulikana, na kwamba ramani ya plastiki ndiyo iliyolificha. Mimi niliketi nyuma. Ofisa aliikunjua juu ya meza, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya vile vitone vyangu vya zambarau.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na usukani ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu mimi."

Tajiri hakuulizwa mengi. Ramani yake ilikuwa mpya, mashine yake ilikuwa mpya, na nahodha wake alijua kabisa mahali hatari ilipo, imeandikwa kwa mwandiko safi. Mume wangu alinyang'anywa cheti cha unahodha. Nilitoka pale nikiuchukia mkono wangu wa kulia. Nilitamani ningekuwa sijasoma hata darasa moja.

Akawa anapasua barafu kwenye bohari la samaki hapo Malindi. Boti nyingine zilizidi kuja na ramani zao za plastiki, kila moja na rangi zake, na ilani zikikwama Mombasa hakuna aliyezidai. Siku hizi naona watu wanafungua bahari nzima ndani ya simu, wanaipeleka kwa kidole huku na huku. Huwa nawauliza nani anaisahihisha. Hunitazama kwa huruma, ile anayotazamwa nayo mtu aliyezeeka.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa mlangoni kwa mama. Kila Idi tulikwenda pamoja. Mume wangu alisimama kizingitini, akasema, "Shikamoo, mama," na mama akageuza uso. Marahaba yake hakuipata tena. Mimi niliingia, yeye akabaki barazani na viatu vyake mkononi. Mara ngapi nilitaka kumfumbulia mama siri ile, kwa hasira tu, ili nipumue. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia na mume wangu kwa wema wake ule usionishirikisha.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho tulikwenda kumtazama. Nilikuwa nikimnywesha uji. Alimwona mkwewe amesimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akamsemesha.

"Mwanangu alikuwa na macho," akasema. "Angekuwa yeye usukanini, mngerudi nyote."

Nikakirudisha kijiko bakulini. Nikafungua mdomo. Mume wangu alinitazama mara moja tu, kisha akainamisha kichwa kwa adabu, kama anavyofanya mkwe mbele ya mama.

"Ni kweli, mama," akasema. "Angekuwa yeye, tungerudi sote."