Satelite ya Nestor, mu nyumba ya kusharje

Watu wa hapa Kashebere wakisema Nestor alipata wazimu, miye nakasirikaga. Wazimu gani? Muntu mwenye anaamka kila asubui, anafagia mulango, anapanguza pano zake za jua na kitambaa, anaandika jina ya mwenye kila telefone ku kipande cha karatasi isipotee, ule njo wanaita muwazimu? Nakaangaga bitumbura, mandazi yetu ya huku, mbele ya ile nyumba yake ya kusharje, kwenye watu wanajazaga batri za telefone, miaka ine sasa. Moshi yangu inaingia kwake, maneno yake inatoka inakuja kwangu. Kama kuna muntu wa kueleza mambo yake, ni miye Falone.

Nestor ni mutoto wa hapa. Baba yake alikuwa muntu wa mitego, alimulea na nyama ya pori. Yeye akakataa pori, akaenda Goma kusoma umeme. Miaka mbili tu, masomo ikakatika. Akarudi na pano mbili, batri ya gari, ordinatere, kompyuta ya zamani yenye kioo ilipasuka ku kona, na muke. Bibi yake ni Joséphine-Marie, mutoto wa Ngungu, wa watu wa ngombe. Wee, watu waliongea! Eti ule mwanamuke wa maziwa hataweza mvua ya huku. Akaiweza. Akajifunza kutwanga sombe, majani ya muhogo, mupaka akanishinda, na miye siyo muntu wa kusifu sombe ya wengine.

Kisha akapata mimba, ya kwanza. Hapa niseme ya kwangu, hata ikiniuma: ni miye nilimuambia aende kuzaa kwa mama yake. "Mimba ya kwanza unaenda kwa mama yako," nikamuambia. "Nestor atakupikia nini, batri?" Akacheka, akapanda pikipiki, akaenda Ngungu na mimba ya miezi saba. Hata wiki mbili haikupita, vita ikakata barabara, na antene yenye ilikuwa ku mulima ikaungua. Telefone zote za Kashebere zikabaki za torshi na za miziki.

Njo tukaanza mambo ya karte. Zile karte ndogo, ndogo kama kucha, zenye watu wanawekeaga miziki mu telefone. Unaongea mu telefone, sauti inaingia ku karte, unafunga karte mu kitambaa, unamupa muntu mwenye anatembea. Muntu wetu alikuwa Dusabimana, muuzaji wa fomaji, jibini ya maziwa ya ngombe, mwenye anapitaga njia za ngombe zenye magari haijue. Alikuwa anaficha karte kati ya fomaji mbili. Nestor aliongea ya kwake na mulango imefungwa. Nilisikia tu kikohozi yake mbele ya kuanza. Nestor akitaka kusema neno ya maana, lazima akohoe kwanza, hata kanisani.

Dusabimana akaenda. Akarudi mara ya kwanza: "Sijafika Ngungu, njia imefungwa." Akarudi mara ya pili, maneno ni ile ile. Mara ya tatu pia. Karte ilikuwa inatembea naye tu kati ya fomaji.

Muntu mwenye anangojea, mikono inamuwasha. Nestor akafungua mu ordinatere muchezo yake moya ya zamani. Mule ndani uko peke yako mu anga, juu ya jiwe, unachimba chuma, unajenga vyombo, na hewa ikikuishia unakufa. Nikamuambia, "Sasa hiyo unalipia nini, si iko sawa na hapa?" Akaendelea kuchimba. Alikuwa na kituo yake upande moya wa dunia fulani ya mule, na mugodi yake upande ingine, na sauti haikuwa inapita, sababu dunia yenyewe ilikuwa inaziba katikati.

"Dada Falone, nitatengeneza satelite," akasema. "Nitaiacha juu. Itapokea ya huku, itatupa kule."

"Na mu Kashebere, hiyo satelite yako itashuka lini?"

Akanitazama vibaya. Nikajutia ule mudomo wangu siku nzima.

Shida yake nilikuja kuielewa, juu alikuwa anaongea peke yake kutwa. Satelite inaomba mabawa kubwa ya kukunywa jua, lakini tumbo ya chombo yenye itaipandisha iko kidogo. Basi lazima ikunjike, ifike juu, ifunguke. Ya kwanza ilifunguka ikingali mu tumbo ya chombo: mabawa ikapiga ukuta, vyote vikapasuka, naye akakufa mule. Ya pili ilifunguka muzuri lakini ilikuwa imepatia jua mugongo, batri ikaisha. Ya tatu ikapasuka sawa ya kwanza. Wenye telefone walikuwa wanangojea ku mulango, na yeye macho iko ku kioo. Nikakasirika. Niliingia na kijiko yangu ya mafuta mu mukono.

"Nestor, weye! Mwavuli, unafunguaga ndani ya nyumba mbele ya kupita mulango? Toka kwanza, kisha ufungue!"

Akanitazama, akatazama kijiko. Kisha akacheka, aki ya Mungu, akacheka mupaka akashika tumbo. Tangu Joséphine-Marie aende sikukuwa nimesikia ile kicheko.

Akabadilisha. Sasa chombo ilikuwa inaachilia satelite ingali imekunjwa, inaenda polepole, unahesabu mupaka kumi, kisha mabawa inaanza kufunguka, moya, mbili, tatu, ine, na mwili wote unageuka kutafuta jua. Siku ya kuijaribu aliniita. Niliacha mafuta ku moto nikaingia. Mabawa ikafunguka bila kugusa kitu. Antene ikasimama. Ku kona ya kioo ikatokea mistari ya rezo, ya mutandao, yote mine, imejaa. Nikapiga vigelegele kama mujinga, bitumbura vyangu vikaungua vyote. Mistari mine! Tangu lini tuliona mistari mine?

"Sasa wa kule ku mugodi wanasema nini?" nikauliza.

"Hakuna muntu kule, dada. Ni miye peke yangu. Nikienda kule, huku hakuna wa kuitika."

Nikarudia moto yangu.

Kisha siku tatu kupita, siku ya soko, Dusabimana akaingia na mvua. Kitunga yake ilikuwa tupu, hakuna hata fomaji moya. Yeye ni muntu wa kuchekesha, akifikaga lazima atukane bitumbura vyangu kwanza. Ile siku hakutukana. Akamupa Nestor kitambaa.

"Ulifika Ngungu?" Nestor akauliza.

"Nilifika."

Nestor hakungoja neno ya pili. Karte ikaanguka mara mbili mbele ya kuingia mu telefone. Akaunga telefone ku ile bafle kubwa ya miziki, ili nasi tusikie. Ikakwaruza. Kisha nikasikia kikohozi.

Ile kikohozi niliijua. Mungu wangu, niliijua mbele yake.

"Joséphine-Marie, ni miye," sauti ya Nestor ikasema. "Niko muzima. Dada Falone anakusalimia, bado ana mudomo. Ukisikia hii, ongea hata neno moya, mupe Dusabimana. Jina ya mutoto nakuachia weye."

Hakuizima. Aliiacha mupaka mwisho.

"Papa Nestor," Dusabimana akasema, anatazama chini, "nyumba ya mama mukwe wako nilifika. Mulango iko wazi, ku jiko kumeota majani. Majirani pia hawaiko. Mwenye nilikuta ku njia alisema walikimbilia upande wa Minova. Mwingine akasema hapana, hawakufika. Nikaona haifai kutupa sauti ya muntu. Njo nikairudisha."

"Utaipeleka tena?"

"Siendi tena kule. Ngombe zimeisha. Fomaji nitatoa wapi?"

Nilitaka kumufokea Dusabimana, nimufukuze ku mulango. Kosa yake nini? Nikamupa bitumbura mbili, akakula amesimama, hakusema viko na chumvi mingi.

Nestor akarudi ku kiti yake. Muchezo ilikuwa ingali wazi. Satelite ilikuwa juu, imetazama jua, mistari mine imejaa. Haikuwa na kosa hata moya.

Akakohoa.

"Dada Falone, mutoto iko na miezi ngapi sasa?"

Nikafanya kama nahesabu ku vidole. Kuhesabu gani? Nahesabuga kila asubui nikiwasha moto, juu ni miye nilimutuma.

"Sita," nikasema.

"Mutoto wa miezi sita anafanyaga nini?"

"Anakaa. Unamuweka chini, unamuacha, anakaa mwenyewe."

Akaitika na kichwa. Akatoa karte mu telefone, akaiweka mu mufuko ya shati, akasimama kumupa Mama Plamedi, mwenye alikuwa anangojea ku mulango, telefone yake, sababu batri ilikuwa imejaa.