Mishumaa ya Singo ya Bi Mwatum wa Gando

Bi Mwatum binti Silima alianza kutengeneza mishumaa kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa haupandi tena mkarafuu. Alianguka mtini mwaka hamsini na saba, mfupa ukaunga vibaya, na mumewe hakungoja uunge vizuri, akamwacha. Akabaki peke yake kibandani kwake Gando. Nduguye, Matano wa Wingwi, alimpa maneno makavu miaka miwili baadaye: "Nakungoja hadi mwisho wa msimu huu. Jiko lako lisipokulisha, naja na gari la ng'ombe nikuchukue. Mbuzi wangu wanataka mtu." Mwatum hakutaka mbuzi wa mtu.

Mimi, Shaame, ndiye niliyekuwa nikimuuzia nta. Niliinunua kwa warina asali wa Ngezi, nikaipeleka kwa baiskeli. Sijapata mteja aliyenitoa jasho kama yeye.

"Nta yako ina mchanga, Shaame."

"Mchanga wa Ngezi huo, Bi Mwatum. Nakupa bure."

"Basi utoe, upime upya. Bure yako kaa nayo."

Kazi alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu. Nta nyeupe ya dukani Wete ilikuwa rahisi na haikuwa na harufu, lakini jua likipanda mshumaa wake ulijikunja kama mtu anayeumwa na tumbo. Nta ya nyuki ilisimama wima na kuwaka polepole, ila ilikuwa ghali, na harufu yake ya asali ilimeza manukato. Akachanganya: mafungu mawili ya nyuki, moja la dukani. Alimimina katika mabua matupu ya majani ya mpapai, utambi wa pamba katikati. Nta ikiganda, analichana bua, mshumaa huo.

Msimu ule mikarafuu ilizaa kupita kiasi. Bi Mwanamize wa Wete alikuwa akimwoza binti yake Ijumaa, akaagiza mishumaa arubaini ya chumba cha bibi harusi. Sharti lake moja: inukie singo, ule mchanganyiko wa karafuu, liwa na langilangi anaosuguliwa mwari. Angekagua Jumatano. Akikubali yeye, nyumba zote za harusi Wete zingefuata. Akikataa, gari la ng'ombe.

Maua ya asumini alishayajaribu, harufu ikafia ndani ya nta ya moto. Liwa, ule unga wa mti wa kunukia, uliziba utambi. Yakabaki maua ya langilangi yaliyolowekwa kwenye mafuta ya nazi, tena kidogo, maana mafuta hayo hulainisha nta, na kichupa cha mafuta ya karafuu. Akatia kijiko kimoja cha karafuu, akanusa. Hakuna kitu. Akaniita ninuse.

"Langilangi tu hiyo," nikasema. "Ongeza."

Akaongeza cha pili, na cha tatu. Kufika cha tano ndipo tukakubaliana kuwa karafuu ipo kwa mbali. Jumatatu akamimina mishumaa yote arubaini.

Jumanne asubuhi jirani yake Kificho alirudi kutoka dago, alikokuwa na wavuvi wenzake wiki tatu kwenye kisiwa kisicho na mkarafuu hata mmoja. Alipofika mlangoni alipiga chafya tatu.

"Bi Mwatum! Nani anaumwa jino humu, mbona mafuta ya karafuu matupu?"

"Jino la nani, yakhe? Mishumaa ya harusi hiyo."

"Harusi ya daktari?"

"Pua yako imezoea samaki wa ng'onda, itajua nini?"

Kificho aliingia ndani. Alichukua mshumaa mmoja akauwasha. Ulitema cheche, ukatoka jasho la mafuta, naye machozi yakamshuka. Mwatum aliyatazama yale machozi, kisha akatazama nje. Karafuu zilianikwa majamvini kwake, kwa jirani, hadi ukingo wa barabara.

"Siye pua zetu zimekufa," akasema. "Tangu Septemba tunalala na karafuu. Hatuzinusi tena."

Mafuta yakishaingia kwenye nta hayatoki. Dawa ilikuwa kuyeyusha yote na kuongeza nta, nyingi, siku hiyohiyo. Nami nilikuwa na mzigo mzima juu ya baiskeli. Muuzaji mwingine hakuwapo.

"Bei ya leo si ya juzi, Bi Mwatum," nikamwambia. Sioni aibu kulisema. Biashara ndivyo ilivyo.

"Haya. Na aliyesema ongeza nani? Kesho nitamtajia Bi Mwanamize jina lako na la babako, ajue ushauri nilinunua wapi."

Nyumba ya Bi Mwanamize ilikuwa ikinunua asali kwangu. Nikampa nta kwa bei ya juzi, na mchanga nikautoa mwenyewe.

Kificho aliwekwa kizingitini, akapigwa marufuku kusogelea majamvi. Alipewa chai, na kila nta ilipoongezwa sufuriani alipelekewa tone lililoganda anuse.

"Bado jino," alisema. Baadaye kidogo: "Jino linapoa." Mara ya tano akafumba macho. "Hapo. Mwari kaingia."

Jumatano nilimpeleka Mwatum na kikapu chake Wete. Uani kwa Bi Mwanamize kulikuwa na karafuu kuliko Gando. Bibi aliuinua mshumaa, akanusa, akakunja uso.

"Karafuu haimo. Mie nilisema singo."

"Bwana harusi anatoka wapi, bibi?" Mwatum akauliza.

"Unguja. Shangazi yake kashuka jana na meli."

"Basi anuse yeye. Weye na mie pua zetu zimo msimuni."

Bi Mwanamize hakupenda, lakini alimwita mgeni wake. Yule mama alinusa mara moja, akanusa tena.

"Alhamdulillahi, kumbe singo ya kistaarabu ipo! Tangu nishuke gatini nilidhani Pemba karafuu mnatia kwa koleo."

Bi Mwanamize alicheka bila kutaka, akachukua yote arubaini. Mishumaa iliyozidi kwa sababu ya nta ya nyongeza iliagizwa na nyumba mbili za harusi kabla wiki haijaisha.

Msimu ulipokwisha Matano alikuja Gando na gari lake. Alimkuta nduguye anachana mabua, kikapu kimejaa. Alikaa, akanywa chai, habari ya mbuzi hakuigusa. Alipoaga aliomba mshumaa mmoja. Alirudi Wingwi na gari tupu na mshumaa wake mkononi, kaulipia bei ileile ya watu wote.