Gari la Gesi Lililozua Msiba Magoma

Jamani, mimi Mwanaidi nimeshawahi kuliza watu kwa msiba usiokuwepo, na marehemu nilikuwa mimi mwenyewe, nimekaa kwenye trela la trekta juu ya mkonge, nakwenda kujizika. Sijivunii. Ila kwa kuwa kila nikifika nyumbani Handeni lazima mtu aniulize "vipi dada, gesi ipo?", bora nisimulie mwenyewe, maana shangazi Mwantumu kila akisimulia anaongeza moto.

Mimi naendesha teksi Dar. Siku nilipofunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari nikawa, niseme ukweli, sivumiliki. Abiria anataka kwenda Kariakoo, mimi nampitisha kwanza visima vya gesi kule Mtwara. "Petroli imezeeka," nasema, "leo gesi, kesho haidrojeni, gari linachanganya haidrojeni na hewa, linajipatia umeme humohumo, na badala ya moshi linatoa maji." (Elimu yangu yote ya haidrojeni ilitoka kwenye video ya dakika tatu, na katikati bando liliisha.)

Basi mdogo wangu Bakari akapata mchumba, Zaina wa Magoma, na ukoo ukaamua posa iende kwa gari langu la kisasa. Sasa, kwenye kitufe cha gesi kuna taa nne za kijani zinazozimika mojamoja kadiri gesi inavyopungua, na nikiwa natoka Dar, kabla sijafika Mkata, ya mwisho ikazimika, gari likajirudisha lenyewe kwenye petroli, kwa sababu magari haya yetu bado yanakunywa vyote viwili, jambo ambalo kwenye mahubiri yangu nilikuwa nalisahausahau. Kituo cha kujaza gesi ukanda ule sikukiona hata kimoja. Nikafika Handeni kwa petroli kidogo iliyobaki, na nilipoulizwa safari ilikuwaje nikajibu, "Gesi tupu."

Asubuhi yake tukaondoka watatu: mimi, shangazi Mwantumu, na baba mdogo Mhando aliyekuwa msemaji wetu, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Mkaja wa mama, kilemba cha baba na blanketi la bibi vyote wakavipakata, maana buti lilikuwa limejaa mtungi wa gesi.

"Mwanangu, humo ndani kuna nini kikubwa hivyo?" baba mdogo akauliza.

"Maendeleo, baba."

Akalikumbatia blanketi.

Tulipofika Korogwe akasema tuingie sheli tuweke mafuta, huko mbele hakuna uhakika. Hapo ndipo ningesema "haya, baba" na leo msingekuwa na la kunicheka. Lakini shangazi alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba tunakwenda kwa gesi, nami nikaona aibu kusimama mbele ya pampu. Nikasema, "Baba mdogo, kulitilia gari la gesi petroli ni kumpelekea mwenye umeme kibatari." Wakacheka, mimi nikacheka zaidi ya wote, tukapita.

Katikati ya mashamba ya mkonge taa ya petroli ikawaka, nikawa naifunika kwa mkono kana kwamba nafuta vumbi. Magoma haikuwa mbali tena gari lilipokohoa mara mbili kwenye kilima na kuzimika mbele ya nyumba za watu. Watu wakaja. Shangazi akawaambia kwa majivuno yaleyale, "Hili ni la gesi, tunapeleka posa kwa kina Zaina Magoma, gesi imeisha."

Mzee mmoja mwenye huruma akaingia ndani, akatoka na mtungi wa jikoni, mkewe nyuma yake analalamika maharage hayajaiva.

"Chukua, mwanangu. Sisi tutapikia kuni."

"Asante mzee, lakini gesi hii si ile."

"Gesi si gesi?" Akainama anatafuta pa kuchomeka mpira.

Nikapiga ukelele, "Mzee, usiguse! Litalipuka!"

Watu wakatawanyika, mama mmoja akaacha ndoo yake ya maji katikati ya barabara, na kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama kushangaa akawasha pikipiki akakimbilia Magoma. Sikumjali. Tukaomba lifti kwenye trekta la mkonge.

Tulipofika kwa wakwe tukakuta mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejifunika kanga, turubai linafungwa. Shangazi akashuka trelani, akamwinamia mama mmoja, "Poleni jamani, nani ametutoka?"

"Wakwe zetu kutoka Handeni. Gari lao la gesi limelipuka, hakubaki mtu."

Shangazi akajitupa chini na kuanza kulia, tena kwa sauti, kabla hajafikiria kwamba huyo marehemu ni yeye.

Baba yake Zaina akatuona. Nikasema shikamoo, yeye badala ya kuitikia akanishika mkono kwanza, anaupapasa kama anaupima joto. Mama yake Zaina, macho yamevimba, akaniwekea sahani ya wali. "Kula, mwanangu. Nilikuwa nimeshakulilia." Nikala wali ule, na bado nikadanganya, nikasema gesi ya huku ni adimu.

Yule kijana wa bodaboda, kwa haya zake, akanunua petroli kwenye chupa ya maji, na wanaume wote wakatusindikiza mpaka kwenye gari. Nikajaribu kukataa, hakuna aliyenisikiliza. Wakamimina, nikapiga stata, likawaka palepale, linanguruma kwa raha zote.

Mzee wa mtungi akasema, "Kumbe linakunywa petroli."

Baba mdogo akanigeukia, kanzu imejaa nyuzi za mkonge. "Mwanaidi. Tulipita sheli."

Basi. Afadhali angenitukana. Posa ilikubaliwa, bibi yake Zaina akafurahia blanketi, ila baba yake Zaina alisema kwa upole kwamba siku ya harusi binti yao watamleta wenyewe.

Gesi bado naiamini, na hiyo haidrojeni ikija nitaipokea. Nilichoapa kukiacha ni ule uongo wa kuona haya. Abiria wangu sasa wanafika Kariakoo kimyakimya, na kila nikipita Korogwe naingia sheli, hata kama tanki limejaa. Nasalimia, natoka.