Filozofi ya Yaya Barabarani

Filimu yenyewe ilikuwa ya kijinga. Watu wazima wanapata ujumbe kwenye telefone, "umechaguliwa", halafu wanakimbizana mujini bila kujua kama ni muchezo ao ni kufa kweli. Muuaji nilimujua mapema: yule anayetabasamu ovyo. Sikusema. Mbele ya watu mimi sisemagi kitu.

Yaya yangu, mukubwa wangu kwa kuzaliwa, anayemaliza shule ya segondere, alitoka mule sale ya video kichwa juu. "We mutoto hauwezi kuelewa," akaniambia. "Ile ni filozofi."

Kesho yake filozofi ikashuka barabarani. Yeye na rafiki zake walijifunga vitambaa usoni, wakatoka mbio mutaa wetu wa Keshero muzima wakipiga kelele kama mule filimu: "Wamefika! Wamefika!"

Amezaliwa Goma, amekomalia Goma, na hajui kwamba hapa mutu akikimbia, jirani anakimbia pia, sababu ataiuliza mbele ya safari! Butiki zikafungwa. Mama muuza sambaza akaacha samaki zake na beseni. Na wale wachezaji, kugeuka tu wakaona watu wote wanakuja mbio nyuma yao, wakaamini vita imefika kweli. Yaya aliingia nyumbani bila kiatu kimoja, akajificha chini ya kitanda. Mwanafilozofi.

Mama aliporudi kutoka soko, koko, bibi yetu muzee, hakuwepo. Mutoto wetu mudogo, aliyebaki naye, hakuwepo pia.

"Mutoto wangu iko wapi?" Mama akauliza. Yaya akatoka chini ya kitanda.

"Mugunga," nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishitua. Lakini koko alipokimbia vita kijijini kwao Kalengera, ni kule kwenye kambi ya wakimbizi alifikia. Angeenda wapi kwingine?

Tulipanda moto, pikipiki ya abiria, mimi na yaya. Tulimukuta amekaa juu ya mawe ya volkano, pale hema lake lilikuwaga, mutoto amelala mugongoni, sufuria na gunia la maharagi pembeni.

"Ni nani walifika?" akauliza.

"Hakuna mutu, koko," yaya akajibu polepole. "Tulikuwa tunacheza."

Koko akasimama. Kisha akamutwika gunia kichwani, sufuria akamupa mukononi.

"Basi cheza mpaka Keshero. Kwa mguu."

Mimi, koko na mutoto tulipanda moto. Sikugeuka nyuma.